Nairobi, Addis Ababa au Istanbul: jiji lipi la kulitembea peke yako kwa miguu?

Ukiwa Arusha au Moshi na umeamua kwenda kuliona jiji kubwa la ugenini, peke yako, bila kundi wala mtu wa kukuongoza, kuna majiji matatu yaliyo karibu kuliko unavyodhani. Nairobi unaifuata kwa basi kupitia Namanga. Addis Ababa na Istanbul zina ndege zinazotua pale KIA, katikati ya miji yetu miwili, kwa hiyo huna haja ya kushuka Dar kwanza. Doha nayo ina ndege, lakini miezi ya kiangazi chao joto linapita nyuzijoto 40 na hata wenyeji hawatembei mchana. Amsterdam naiacha kwa sababu ya viza ya Schengen, ambayo ina mlolongo wake na machozi yake.

Sitapima uzuri. Picha nzuri zipo za majiji yote matatu na umeshaziona kwenye simu. Napima kitu kimoja: je, unaweza kutoka ulikolala asubuhi bila mpango wa maana, ukapotea, ukakaa chini, ukala, ukarudi jioni ukiwa na kila ulichotoka nacho?

Halafu sisi tuna jambo ambalo wasafiri wengi hawana. Tumekulia upande wa pili wa mchezo huu. Tumewaona wageni pale Mnara wa Saa, wamesimama na simu mkononi hawajui washike Boma Road au washuke Goliondoi, na vijana wa picha na bangili wameshawazunguka: rafiki, unatoka wapi, hii ni bure kuangalia tu. Tunajua ni mgeni gani atafuatwa hadi hotelini na ni yupi ataachwa baada ya hatua tano. Anayeachwa si mkali wala si mwenye misuli. Ni yule anayejibu salamu bila kupunguza mwendo. Ujuzi huo ubebe, utakufaa kuliko ramani.

Karatasi na saa

Nairobi inashinda hapa bila ubishi. Toka Arusha ni kilomita 270 hivi, na pale Namanga unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja. Mtanzania haombi viza. Kama pasipoti huna, Hati ya Dharura ya Safari kutoka Uhamiaji inakufikisha. Beba kadi ya homa ya manjano, na usibadilishe hela zote kwa wale jamaa wanaokukimbilia dirishani na mabunda ya noti. Kama ni lazima, badilisha ya nauli na chai tu, na uhesabu mwenyewe, noti moja moja, kabla hujatoa ya kwako.

Addis inataka viza inayoombwa mtandaoni, na safari ya angani ni fupi, saa mbili na nusu au zaidi kidogo. Istanbul ndiyo ya kuanza kuishughulikia mapema: viza kwanza, tiketi baadaye, wala usimsikilize anayekuambia tiketi ya bei nzuri itaisha kesho.

Raha moja ya majiji haya yote ni kwamba hubadilishi saa. Kenya na Ethiopia ziko kwenye majira yetu, na Uturuki imebaki kwenye majira hayohayo mwaka mzima tangu 2016. Unashuka na mwili wako ulivyo, kesho asubuhi uko barabarani.

Na Addis ina zaidi. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, kuanzia kunapopambazuka. Mzungu akiambiwa kwa Kiingereza kwamba chai ya asubuhi iko saa mbili, anachanganyikiwa; wewe unaelewa papo hapo. Ila ndege na hoteli kubwa hutumia saa za kimataifa, hivyo saa ya kuondoka iulize mara mbili. Tarehe nazo ziache kama zilivyo, kwa sababu kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma ya yetu kwa miaka saba hadi minane.

Miguu itapita wapi

Katikati ya Nairobi ni padogo. Hili huwashangaza wanaoiogopa. Anzia pembeni mwa stesheni ya reli, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue, kwenye bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti. Hapo ndipo ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa mwaka 1998, asubuhi ileile ulipolipuliwa wa Dar es Salaam. Mtanzania anasimama mahali hapo kwa namna tofauti na mgeni mwingine. Panda Moi Avenue hadi Nyaraka za Taifa, jengo la zamani lililokuwa benki, ambalo ndani lina mkusanyiko wa sanaa za Kiafrika wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Mbele yake amesimama Tom Mboya wa shaba. Kata kwenda KICC, ghorofa 28, ya mwaka 1973, kaka mkubwa wa AICC yetu. Juu kabisa unaweza kupanda kwa kulipia na jiji lote likawa chini yako. Rudi kwa Kimathi Street ilipo sanamu ya Dedan Kimathi, mpiganaji wa Mau Mau, na bunduki yake, pitia Msikiti wa Jamia na maktaba ya McMillan, malizia City Market. Ukienda polepole ni nusu siku.

Na hapo ndipo tatizo la Nairobi linapoanza, kwa sababu baada ya nusu siku umemaliza. Ukivuka Tom Mboya Street kushuka River Road, mambo yanabadilika: msongamano wa matatu, mikokoteni, watu wanaokimbia na maisha, na mtu anayetazama tazama majengo anaonekana haraka. Maeneo mengine mazuri, kama Westlands, Karen au jumba la makumbusho la taifa, yametenganishwa na barabara kubwa zisizompenda mwenda kwa miguu. Unaishia kupanda gari kutoka matembezi haya hadi matembezi yale. Dawa yake ni Karura, msitu wa karibu hekta 1,000 ndani ya jiji, ule uliopiganiwa na Wangari Maathai usigawiwe kwa wajenzi. Unalipa getini, unatembea kilomita kadhaa chini ya miti, kuna mapango na maporomoko ya maji, na wanawake peke yao wanakimbia humo asubuhi bila wasiwasi. Ni mahali pazuri sana, ila kwa mtu wa Moshi aliyezoea Rau, msitu si kitu cha kusafiria.

Addis ni mlima. Arusha tuko mita 1,400 hivi, Moshi chini ya 1,000, Nairobi karibu 1,800. Addis inapita 2,300, na kilima cha Entoto juu yake kinapita 3,000. Siku ya kwanza mtu wa Moshi atahema. Tembea asubuhi, kunywa maji, usishindane na wenyeji: alfajiri pale Uwanja wa Meskel utawakuta wanapanda na kushuka ngazi kwa kukimbia kana kwamba hewa ipo tele.

Njia ya kuanzia ni hiyohiyo ya Meskel. Pembeni ya uwanja kuna makumbusho ya wahanga wa utawala wa kijeshi wa Mengistu Haile Mariam. Ni vyumba vichache, picha za watu kwenye kuta na mifupa kwenye kabati za vioo, na huwezi kutoka ukiwa unaongea. Ng'ambo kidogo ni Africa Hall, ambako OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliundwa Mei 1963, na Nyerere alikuwepo. Kutoka hapo barabara inapanda polepole kupita ikulu, ambako kamera inakaa mfukoni kabisa, kwa sababu askari wa pale hawana utani, hadi Arat Kilo kwenye kanisa kuu la Utatu Mtakatifu alikozikwa Haile Selassie mwaka 2000, kisha Amist Kilo, kisha Sidist Kilo penye chuo kikuu. Ni kama kilomita 5, zote za kupanda, na miaka ya karibuni wamejenga njia pana za waenda kwa miguu kwenye barabara kubwa nyingi. Ukiingia mitaa ya ndani, tazama chini. Mifuniko ya mitaro haipo kila mahali.

Kwa mtu wa kaskazini mwa Tanzania, Amist Kilo peke yake inatosha kuwa sababu ya safari. Pale makumbusho ya taifa yupo Lucy, mifupa ya mtangulizi wa binadamu, ya miaka milioni 3.2, iliyochimbuliwa Hadar mwaka 1974. Kilicho kwenye kioo ni nakala, halisi imehifadhiwa, lakini si hoja. Hoja ni kwamba wanasayansi walipoipa jamii yake jina, mfano rasmi waliouchagua haukuwa Lucy. Ulikuwa taya lililookotwa Laetoli, huku kwetu Ngorongoro, na Laetoli ndiko ziliko zile nyayo za miaka karibu milioni 3.6 za viumbe waliotembea wima. Yaani umepanda kilima kizima kwa miguu kwenda kumwona ndugu wa waliopita nyuma ya nyumba. Watoto wa shule wa Karatu wangepelekwa pale kwa mabasi kama ningekuwa na sauti serikalini.

Istanbul sasa. Hapa matembezi hayaishi. Kutoka Sultanahmet, mtaa wa kale, hadi uwanja wa Taksim ni kilomita 4 hadi 5, na sijui mstari mwingine mfupi namna hiyo wenye mambo mengi namna hiyo. Unaanza na Hagia Sophia, iliyokamilika mwaka 537 kama kanisa, ikawa msikiti 1453, ikawa makumbusho, ikarudi kuwa msikiti 2020. Mtalii wa kigeni analipa euro 25 kwenda roshani ya juu tangu Januari 2024, na hiyo ni hela. Mwenye bajeti ndogo aitazame kwa nje na aingie Msikiti wa Bluu ulio mkabala, ambao ni bure nje ya nyakati za swala. Telemka na reli ya tramu hadi Eminönü, soko la viungo, halafu daraja la Galata. Wavuvi wamepanga fimbo zao bega kwa bega kwenye ukingo, ndoo zenye maji na samaki wadogo miguuni, paka wanangoja, na muuza chai anapenya katikati na sinia. Hakuna tiketi, hakuna mlango, na unaweza kusimama hapo saa nzima hakuna atakayekuuliza unangoja nani.

Kisha ni kupanda. Wanaosema Istanbul iko usawa wa bahari hawajapanda kutoka Karaköy kwenda mnara wa Galata na mfuko wa manunuzi. Magoti yako yakigoma kuna Tünel, kitreni cha chini ya ardhi cha mwaka 1875 kinachokupandisha kwa dakika chache. Juu ni İstiklal, kilomita 1.4 za barabara isiyo na magari hadi Taksim, imejaa watu hadi usiku wa manane.

Jambo dogo ambalo ni kubwa: Kenya wanaendesha kushoto kama sisi. Ethiopia na Uturuki wanaendesha kulia. Kabla ya kuvuka, macho yaanze kushoto, na kwenye İstiklal kumbuka kile kitramu chekundu, kinakuja kimya.

Rafiki, unatoka wapi

Nairobi hatari yake ni simu. Si hadithi ya kutishana. Inanyakuliwa na mtu wa pikipiki au kupitia dirisha la matatu, na imeisha. Ramani itazame ukiwa ndani ya duka. Lakini naona shida kubwa zaidi ni kwamba Nairobi haikufanyi ujihisi mgeni. Unasikia Kiswahili kila upande, unaelewa kila tangazo, mabega yanashuka, unaanza kutembea kama uko Sokoine Road. Ukifungua mdomo tu, "samahani kaka, naomba kuuliza," wameshajua umetoka Bongo, na wengi watakusaidia kwa furaha na utani. Wachache watasaidia kwa sababu nyingine. Pia angalia kalenda: Juni na Julai za 2024 na 2025 zilikuwa na maandamano makubwa, na siku kama hizo katikati ya jiji hufungwa kabisa.

Addis mtu anaweza kukusemesha Kiamhari kwanza, kisha akagundua. Kuna mchezo wa vijana wawili watatu, mmoja anakugusa au anakuonyesha kitu, mwingine yuko mfukoni. Piassa na Merkato ndiko hasa. Merkato ni soko kubwa mno. Ukitaka kuliona nenda na hela ya mfuko mmoja, begi liache chumbani. Maandishi huyasomi, majina ya mitaa hayasaidii, hivyo elekea kwa alama: kanisa, mzunguko, jengo refu. Na hapa nasema jiji tu. Mikoa kadhaa ya Ethiopia ina mapigano, kwa hiyo wazo la kupanda basi kwenda kuona na huko liache.

Istanbul michezo yao ina adabu. Msafisha viatu anapita mbele yako, brashi inamdondoka, unaiokota kwa wema, anasisitiza akulipe kwa kukusafishia viatu, kisha bei inatajwa. Mwanaume peke yake jioni karibu na Taksim atakutana na rafiki mchangamfu sana anayejua baa nzuri. Bili ya baa hiyo ni balaa, na mlangoni kuna watu wawili wanene. Mwenye duka la mazulia atakupa chai ya bure, na kweli ni bure, ila saa yako moja imekwenda. Mtu wa Arusha haya yote anayajua kwa majina mengine. Asichokijua ni kukaguliwa: maeneo ya Aksaray na Laleli, ambako Waafrika ni wengi, polisi wanaweza kukusimamisha wakiulizia kitambulisho. Tembea na pasipoti yako au uwe na nakala nzuri, jibu kwa utulivu, utaachwa uendelee.

Mahali pa kukaa, na choo

Watu hawaandiki kuhusu hili, na ndilo linaloamua kama siku itakuwa ndefu au fupi.

Istanbul ina misikiti kila baada ya mtaa, na karibu kila msikiti una ua wenye kivuli, mabomba ya maji, na choo cha bure au cha malipo kidogo. Dada anayetembea peke yake abebe mtandio na nguo inayofunika magoti, na amepata mahali pa kupumzika jiji zima. Viti vya bustani vipo, mkate uitwao simit, wenye ufuta, unauzwa kwenye mikokoteni, siku inakwenda.

Addis choo ni mgahawani, kwa hiyo siku yako itakuwa na vikombe vingi vya kahawa. Hilo si adhabu. Makiato yao, kahawa yenye maziwa kidogo, ni nzuri kila kona, na kahawa ya kinamama wanaoichemsha pembezoni mwa njia, makaa chini ya jebena, birika lao la udongo, majani mabichi yametandazwa chini, kiti cha kimo cha mtoto, ni bora zaidi. Inanitia aibu kidogo kama mtu wa Kilimanjaro: sisi tunailima, tunaipeleka mnadani, tunarudi nyumbani kunywa chai ya rangi. Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Orthodoksi hufunga, na sinia la mboga na dengu juu ya injera, chapati yao laini yenye uchachu, linapatikana kila mahali kwa bei ya kawaida.

Nairobi vyoo vya kulipia vipo katikati ya jiji na mikahawa ni mingi, lakini kukaa tu, bure, bila kununua, ni Uhuru Park na sehemu chache nyingine. Jiji lile halipendi mtu asiye na haraka.

Usiku

Nairobi giza likiingia, ita gari, hata kama ni mita 600. Addis hadi saa mbili, tatu usiku kwenye barabara kubwa zenye taa, basi. Istanbul unatembea mpaka uchoke mwenyewe, ilimradi ubaki penye watu.

Nani aende wapi

Mwenye siku mbili na hela ya kubana, aende Nairobi, lakini aende kwa sababu nyingine, iwe ni harusi, mzigo au kumwona ndugu, na matembezi yawe ya ziada. Kusafiri kwenda Nairobi kwa ajili ya kutembea tu, siwezi kumshauri mtu.

Mwenye siku nne au tano, na hasa anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza, namwambia Addis. Ni ugeni wa kutosha kukufanya uwe macho, ni karibu vya kutosha kurudi kama moyo umekataa, na gharama ya siku haimtishi mtu wa kipato cha kawaida. Aepuke Juni hadi Septemba, mvua zao kubwa. Abebe dola taslimu na kubadilisha benki, asitegemee kadi.

Mwenye wiki na akiba, Istanbul, Aprili na Mei au Septemba na Oktoba. Desemba hadi Februari baridi yake si ya sweta, theluji huanguka. Na wale dada zangu wanaokwenda Laleli kuchukua nguo za duka, ambao wameshafika mara kadhaa na hawajaona kitu zaidi ya hoteli na mawakala wa mizigo: Jumapili soko kuu la Kapalıçarşı limefungwa, biashara imelala. Siku hiyo teremkeni Eminönü asubuhi, mpande feri ya kwenda Kadıköy. Ni dakika 20 hivi, nauli ni ya kadi ileile ya tramu, na mkishuka mko Asia.